Ninaitetea imani kwa maneno, lakini sahihi yangu imenifunga mdomo: naomba ushauri

Karani wa Stoo

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Mimi ni Mkatoliki, karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Tangu Rozari iliponidondoka mfukoni mbele ya wenzangu watatu ambao ni walokole, saa ya chakula cha mchana imegeuka kuwa saa ya mjadala. Wananiuliza kwa nini tunamwabudu Maria, na kwa nini tunamwungamia mwanadamu mwenye dhambi kama sisi. Majibu nilikuwa nayo: niliwasomea Luka 1:48, ambapo Maria mwenyewe anasema kwamba vizazi vyote vitamwita mwenye heri, na Yohane 20:23, ambapo Kristo mfufuka anawapa mitume mamlaka ya kuondolea dhambi.

Juma lililopita lilikuja lori la saruji. Hati ya mzigo ilisema mifuko 200, lakini mimi nilihesabu 192, safu kwa safu, nikarudia. Msimamizi wangu akaniambia nisaini 200 kama kawaida. Nikasaini, na jioni akanipa shilingi 10,000 za soda. Hiyo ilikuwa mara ya nne. Kesho yake, nikiwa katikati ya kueleza sakramenti ya kitubio, dada anayetunza fedha alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Na ile mifuko minane, huwa unamwambia padre?" Tonge lilinikwama kooni, nami sijaungama tangu Pasaka.

Je, ninyamaze kabisa kuhusu dini? Na hiyo sahihi niifanyeje, ikiwa msimamizi ndiye aliyenitafutia kazi, na nyumbani nina mke na mtoto wa miezi saba?

Katekista wa Kigango

Milele, amina. Mwanangu, kuhusu Maria nitakurekebisha jambo moja tu: neno "kumwabudu" usilipokee, kwa maana Katekisimu namba 971 inatofautisha wazi heshima tunayompa yeye na ibada ya kuabudu, ambayo ni ya Mungu peke yake.

Lakini linalokusumbua si hilo. Mtume Petro anapotuagiza tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza habari za tumaini lililo ndani yetu (1 Petro 3:15), anataka tujibu kwa upole, na katika aya inayofuata anadai dhamiri njema. Wengi wetu tunaikariri aya ya 15 na kuiacha ya 16. Huyo dada hakuishambulia imani yako. Amekuuliza swali ambalo Kanisa lako lingekuuliza.

Mkazi wa Kirumba

Kaka, mimi nakuonea huruma. Nenda kaungame, kisha ukae kimya. Ukimgusa msimamizi utafukuzwa, na hakuna atakayekulisha mtoto. Padre amefungwa na siri ya maungamo, kwa hiyo jambo litaishia pale.

Mama wa Jumuiya

Ndugu yangu wa Kirumba, siri ya maungamo inamfunga padre. Haimfuti deni aliyeungama. Katekisimu namba 2412 inasema kwamba walioshiriki katika wizi kwa namna yoyote wanawajibika kurudisha, kwa kadiri ya wajibu wao na ya sehemu waliyofaidika nayo, na inamtaja Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne. Hofu ya mtoto kulala njaa naijua, maana nimelea watoto watano nikiwa mjane, na siidharau hata kidogo. Ndiyo maana nasema asiende peke yake: aanze na padre, amweleze mkewe, na jumuiya imsindikize.

Nami humkumbuka Yosefu Mukasa Balikuddembe, mmoja wa Mashahidi wa Uganda. Mapadre walipoondoka Buganda mwaka 1882 na kukaa Bukumbi, upande wetu huu wa ziwa, yeye ndiye aliyewaongoza waamini waliobaki, huku akiendelea kuhudumu katika jumba la mfalme. Alimwambia ukweli mwajiri wake mwenyewe, alipomkemea mfalme Mwanga kwa kuuawa kwa askofu Hannington, ambaye hakuwa hata Mkatoliki. Aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Ninamtaja kwa sababu alikuwa mtu wa kazini, kama wewe.

Mwenye Duka

Mimi ni mfanyabiashara, nami nimewahi kuibiwa hivyohivyo. Karani akinijia mwenyewe na hesabu ya mara nne, yaani mifuko 32, na shilingi 40,000 alizopokea, nitakasirika, lakini sitamweka kundi moja na yule niliyemkamata. Mwambie kwanza msimamizi wako, ninyi wawili tu, kwamba lori lijalo utaandika unachokihesabu. Akikataa, nenda kwa mwenye mali. Siwezi kukuahidi kwamba hutafukuzwa.

Karani wa Stoo

Nawashukuru sana. Mke wangu amesoma majibu haya yote, akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema, na swali lake limeniuma kuliko lile la kazini. Paroko ananipokea Jumamosi saa kumi jioni, kabla ya Misa. Lori linakuja Jumatatu.

Na yule dada nimekwisha kumjibu. Nilimwambia: "Bado sijamwambia, lakini nitamwambia." Akasogeza sahani yake karibu, akaniomba nimweleze tena ile Yohane 20.