Hela yangu, picha ya uso ya nini?

Mtoto wa Barabara ya 12: Wadau wa Tanga, jukwaa moja la kubadilishia sarafu za mtandaoni limenizuia kutoa hela mpaka nipige picha ya uso na kitambulisho cha taifa. Waja leo waondoka leo, ila vijisenti vyangu vimegoma kuondoka. Bitikoini si ilikuja ili mtu asiombe ruhusa?

Mkonge: Piga picha, acha kulia. FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, tangu 2019 inataka jina la mtumaji na mpokeaji wa sarafu hizi. Nchi imetoka Juni 2025 kwenye orodha yao ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa ulegevu wa kudhibiti fedha haramu, mnataka turudi? Anayeficha sura ana lake. Wengi humu mnawaficha wake zenu tu.

Bi Raskazone: Hilo la wake ndilo limenileta. Mama yangu alikuwa na kibubu mvunguni, baba hajui. Kaka alipofaulu, ada ikatoka humo. Naye alikuwa akitakatisha fedha?

Mkonge: Dada, kibubu hakivuki mpaka. Tornado Cash, mtambo wa kuchanganya sarafu ili zisifuatiliwe, Marekani waliuwekea vikwazo 2022 kwa sababu ya wadukuzi wa Korea Kaskazini.

Dereva Chumbageni: Na 2025 wakaviondoa. Malizia hadithi, shehe.

Mkonge: Haikuwa siri ya ndoa lakini.

Bi Raskazone: Umeitaja wewe ndoa! Mwanamume anayetaka kujua kila shilingi ya mkewe, yake ameitaja?

Dereva Chumbageni: Hahaha, jibu hilo. Tena daftari la miamala ya Bitikoini liko wazi kwa dunia nzima. Jina lako likishafungwa na anwani ya sarafu zako, ni kibubu cha kioo. Picha zetu zikivuja kwa hao wa jukwaa, nani ataniuzia sura nyingine?

Mzee wa Pangani: Wanangu, Benki Kuu 2019 ilitangaza kuwa sarafu hizi si fedha halali. Sheria ya fedha ya 2024 ikaja kuzikata kodi ya asilimia 3. Nguruwe haramu, mchuzi halali?

Mkonge: Mzee, kodi ni kodi. Bi Raskazone, mumeo anajua una kibubu?

Bi Raskazone: Anajua kipo. Kilipo ndipo hapajui.

Dereva Chumbageni: Mkonge kanyamaza, anakagua mvungu.

Mtoto wa Barabara ya 12: Nimepiga picha mara tatu. Wanasema uso una giza, nirudie kesho mchana.