Tupeane uzoefu: mtoto mnene na kipindi cha michezo skuli

Assalaam alaykum. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kutoka jasho kila siku. Huku kwetu Unguja na Pemba zipo skuli zenye mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, uwanja wa mchanga na mpira mmoja. Wenye kulijua jambo hili leteni mnachofanya, kwa vipimo.

Mwalimu wa michezo, Chake Chake
Adui ni foleni. Watoto 48 wakipanga mstari kusubiri mpira mmoja, kipindi kinaisha wengi hawajatoka hata jasho. Fanya makundi manne ya watoto 12: nage, kuruka kamba, mbio za kupokezana kijiti, kuvuta kamba. Dakika 7 kila pahala, filimbi, wahame. Kipindi cha dakika 40 kinatosha, na kupasha mwili moto kumo.

Makundi yapatikane kwa kuhesabu moja mpaka nne. Ukiwaachia manahodha wachague, mtoto mnene atabakia wa mwisho kila siku, na haichukui muda ataanza kuumwa tumbo siku ya michezo. Kwenye kuvuta kamba mweke mkiani. Pale uzito wake unatakiwa na wenzake wanauona. Kumzungusha uwanja peke yake ni kumuonea: mapaja yanachubuka, magoti yanauma, na michezo anaichukia.

Kamba ya kuruka kundi zima iwe mita 5, ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Nailoni nyembamba ni nyepesi mno, upepo unaibeba na haipigi chini. Usumba unakwaruza viganja, basi ncha zake zizungushie kipande cha khanga kuukuu.

Mwalimu, Mjini Magharibi
Wasichana msiwasahau. Pini za ushungi zitolewe kabla ya kuanza, kwani mpira wa nage ukimpiga mtoto shingoni pini inaingia. Ushungi wa kushonewa mpira kidevuni hauhitaji pini. Suruali ndefu chini ya gauni, na gauni lisifike kwenye vifundo, atajikwaa.

Muuguzi, Wete
Naomba sana, msimpime mtoto uzito mbele ya darasa. Nyumbani chukua uzi, mpime urefu kutoka utosini hadi kisigino, ukunje katikati, kisha umzungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu. Ncha zisipokutana, mpelekeni kituo cha afya akapimwe uzito na urefu kwa umri wake. Apimwe bila nguo kiunoni, ametoa pumzi. Akivuta tumbo ndani uzi unadanganya. Na asinyimwe chakula: bado anarefuka.

Muuza chakula skuli, Unguja
Watu wanailaumu soda peke yake. Chupa ya mililita 350 ina kama gramu 37 za sukari. Sasa chukua jagi la ukwaju la glasi 8 lililotiwa nusu kilo: kila glasi gramu 62! Tieni gramu 150 tu, na ukwaju uwe mwepesi. Ukwaju mzito ni mkali, ndio unaoita sukari.

Swali: mkondo wa mchana je?

Mwalimu wa michezo, Chake Chake
Kipindi kiwe cha mwisho, baada ya alasiri. Saa saba mchanga unaunguza nyayo, na wengi hucheza peku. Maji mafunda machache kila dakika 15 hadi 20, na ndoo ikae kivulini karibu na kamba. Ikiwekwa ofisini hawaendi.