Naomba ushauri: unene wa herufi unapotea nikihifadhi PDF

Habari zenu wakuu. Nina stesheneri hapa Dodoma, Nkuhungu, nachapa kadi za harusi. Kwenye kioo kila kitu kiko sawa: jina la bibi harusi unene 700, ukumbi 600, maelezo 400 (namba ikiwa kubwa, herufi ni nene zaidi). Nikihifadhi kama PDF, yote yanarudi 400, membamba kama uzi. Nimefungua sehemu ya sifa za PDF, fonti (muundo wa herufi) iliyoingia ni moja tu, ile ya unene wa kawaida.

Natumia fonti ya Montserrat, faili moja lililobeba unene wote kuanzia 100 hadi 900. Nahisi tatizo liko hapo, maana fonti zenye faili la kila unene hazijawahi kunisumbua. Je, niiondoe niweke mafaili tofauti, au kuna mpangilio sijauwasha? Mteja anatoka Kondoa kesho asubuhi kufuata kadi zake, sitaki kumpa kazi mbovu.