Kwa nini maembe hukaa kwenye maji ya moto kwa zaidi ya saa nzima?

Swali
Habari zenu wataalamu. Inafahamika kwamba embe likitumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 52 za Selsiasi kwa dakika 5 hivi, ugonjwa wa chule, yaani ukungu unaoshambulia ganda, hupungua sana. Hata hivyo, masharti ya Marekani dhidi ya nzi wa matunda yanataka nyuzi 46.1 kwa dakika 65 hadi 110. Kwa nini joto la chini litumike muda mrefu kiasi hicho, ilhali la juu lingeokoa wakati?

Jibu la kwanza
Ndugu, tiba hizo mbili zinalenga maadui tofauti. Ukungu wa chule hukaa kwenye ganda, kwa hiyo joto kali la muda mfupi huufikia. Nzi wa matunda hutaga mayai chini ya ganda, na mabuu yakianguliwa huchimba kuelekea kwenye kokwa, ambako joto hufika polepole mno; ukitumia maji ya nyuzi 52 hadi buu wa ndani afe, ganda litakuwa limekwisha kuungua. Ndiyo sababu muda hupangwa kwa umbo na uzito: embe bapa lisilozidi gramu 375 hukaa dakika 65, na la mviringo la gramu 701 hadi 900 hukaa dakika 110. Kuchanganya saizi kwenye kreti moja, kwa maoni yangu, ndio uzembe mbaya kuliko wote.

Jibu la pili
Naongezea suala la kupoza. Embe likitoka majini, joto la tabaka za nje bado linasafiri kwenda ndani na kuendelea kuua. Kwa hiyo masharti hayo hayo yanataka mtu asubiri dakika 30 kabla ya kulipoza kwa maji. Akitaka kulipoza papo hapo, aongeze dakika 10 za kulizamisha kwenye maji ya moto, na maji ya kupozea yasiwe chini ya nyuzi 21.1.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Je, kutumia mvuke wa moto badala ya maji kuna nafuu?

Jibu la tatu
Kuna nafuu kwa matunda yasiyostahimili kuzamishwa, ila mitambo ya mvuke ni ghali. Hewa iliyojaa unyevu hugeuka matone juu ya tunda na kuliachia joto, huku vihisi vya kupimia joto vilivyochomekwa karibu na kokwa vikionyesha ni lini hesabu ya dakika ianze. Kwa njia yoyote ile, embe lililochumwa changa huharibika kwa urahisi, na tunda lililotibiwa halina kinga yoyote baadaye, hivyo chumba cha kufungashia lazima kiwekewe wavu wa kuzuia wadudu.