Mdogo wangu kamtania Mungu msibani, familia imegawanyika. Nishaurini

Wakuu, heshima kwenu. Wiki hii tumezika mzee. Mama alitangulia mwaka juzi, kaka yetu mwaka jana. Makaburini MC akashika maiki na ule msemo wa kila msiba: "Sisi tulimpenda, ila Mungu amempenda zaidi." Dogo akajibu kwa sauti: "Basi apunguze mapenzi, nyumba hii tumebaki watatu!" Vijana waliokuwa wakifukia wakaangua kicheko. Shangazi akaanza kulia upya. Sasa baba mkubwa anataka dogo aombe radhi mbele ya mchungaji kabla ya arobaini. Kagoma, anasema mwenye kuelezea ni huyo Mwema na Muweza wa yote. Mimi ndiye mkubwa wao, nisimame wapi?

Mama Tunu: Poleni sana. Ila hiyo ni kufuru, atubu haraka.

Bin Sudi: Kwetu tunasema inna lillahi, tunafukia, tunaomba dua, tunaondoka. MC wa nini makaburini?

Mzee wa Kijiwe: Mama Tunu, soma Ayubu sura ya 7. Zaburi ya 8 inashangaa kwa furaha kwamba Mungu anamkumbuka mwanadamu. Ayubu anayageuza maneno yaleyale kuwa kejeli: mbona unanikodolea macho hivyo, hata mate nisimeze? Rafiki zake walikaa naye kimya siku 7, wakafanya vizuri. Walipofungua midomo kumtetea Mungu ndipo wakaharibu, na 42:7 Mungu anawakasirikia wao, anasema Ayubu ndiye aliyenena sawa. Kwa hiyo wa kuitwa kikaoni ni MC.

Mama Tunu: Ayubu naye alitubu juu ya mavumbi, hiyo umeiruka.

Mtani Halisi: Mbona mnamsumbua Mungu? Mzaramo akifiwa, mtani wake Mnyamwezi anaweza hata kudai ada kaburi lisifukiwe, na watu wanacheka. Utani msibani una wenyewe. Dogo ni mfiwa, kafanya kazi ya mtani. Mchungaji hahusiki hapo. Mtume kwa shangazi, aende na kilo ya sukari.

Mleta uzi: Asanteni. Nimempigia shangazi kwanza. Kumbe habari ya kufuru hana. Anasema yeye anaishi nyumba hiyo tangu nikiwa mtoto, sasa hao watatu dogo alihesabuje?