Dreshi anakula, lakini maziwa hayatoi jibini: ni asidi amino?

Mama_Kabare
Wafugaji wenzangu wa Bukavu na Goma, naomba hesabu. Ng'ombe chotara wa Friesian, kilo 400, mwezi wa tatu tangu azae. Kwa siku anapata matete (majani ya tembo) kilo 40, yanayokatwa yakishapita kimo cha mtu, dreshi mbichi (mabaki ya nafaka kutoka kiwanda cha bia) kilo 10, pumba za mahindi kilo 2, na chumvi. Maziwa yamekwama lita 9, na mtengeneza jibini analalamika kwamba jibini inatoka kidogo. Naambiwa ninunue methionini ya unga, moja ya asidi amino, yaani vijenzi vya protini. Nifanye hivyo?

Daktari_wa_Mifugo
Mama, usinunue. Methionini isiyofunikwa kwa ganda la kuikinga huvunjwa na bakteria wa tumbo kuu, sehemu kubwa haifiki kwenye utumbo. Anza na matete. Yakikomaa hivyo, protini hushuka hadi asilimia 6 hivi ya uzito mkavu. Ukitoa maji, ng'ombe wako anakula kama kilo 11 kavu, na protini ya chakula chote ni asilimia 10 na nusu. Ili atoe lita 12 za maziwa anahitaji karibu asilimia 14.

Kata matete yakiwa na mita 1, wiki 6 hadi 8, yakiwa na protini asilimia 9 au 10. Machanga yana maji mengi, kwa hiyo toa kilo 50, si 40. Hapo tu umefika karibu 12 na nusu bila kulipa hata franka. Msidharau hatua hii: nusu au zaidi ya protini inayofika kwenye utumbo ni miili ya bakteria wenyewe, na asidi amino zao zinakaribiana sana na za maziwa. Majani laini na wanga wa kutosha ndivyo vinavyowalisha. Wanga ukipungua, protini ya maziwa, ambayo ndiyo hufanya jibini, hushuka hata kama dreshi ni nyingi.

Soya_Walungu
Nakubaliana na Daktari, ila lisini, asidi amino nyingine, itabaki pungufu. Dreshi ni nafaka, pumba ni nafaka. Katika protini ya mahindi lisini ni asilimia 3 hivi. Ya maziwa ni karibu 8. Hata dreshi ikifika kilo 20, shimo ni lile lile. Ongeza soya gramu 800 kwa siku, ambayo lisini yake ni kama 6.

Kaanga polepole ukikoroga bila kuacha, hadi punje ikipasuliwa iwe na rangi ya kahawia hafifu ndani. Ifunike ikiwa moto kwa nusu saa, kisha ivunje vipande viwili hadi vinne. Usiisage unga, maana unga huvunjwa upesi tumboni. Ikiungua, lisini inashikamana na sukari na ng'ombe hawezi kuitumia: utakuwa umelipia soya na kulisha mkaa. Soya mbichi nayo usiichanganye kamwe na yurea, itatoa amonia ya sumu.

Mama_Kabare
Asante sana. Na vumbi la sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, linalobaki sokoni?

Maziwa_Goma
Ni zuri, Mama, kwa sababu soya ina methionini kidogo na samaki anayo. Gramu 200 kwa siku, si zaidi, kwani mafuta mengi huzuia bakteria kumeng'enya majani. Pepeta mchanga, kataa lenye ukungu, na mpe baada ya kukamua ili maziwa yasinuke.

Dreshi yako ina umri gani? Baada ya siku 3 au 4 huanza kuoza. Ishindilie kwenye pipa lenye plastiki, pumba kilo 1 kwa dreshi kilo 10, funga hewa isiingie, fungua baada ya wiki 3. Dreshi na pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo, kwa hiyo weka chokaa ya mifugo gramu 60. Ile ya kupakia ukuta inaunguza mdomo.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati: matete kwanza, soya wiki 3 baadaye, sambaza mwisho. Kila mara mwombe mtengeneza jibini apime uzito wa jibini inayotoka kwenye lita 10 zilezile.