Wenye baa za mtaani, sisi wateja wa kila siku mnatuchukulia poa sana

Wakuu, nimekaa na hili jambo tangu Jumamosi nikidhani hasira zitashuka. Leo Jumatano ndiyo kwanza zinapanda. Uzi ni mrefu, anayeona uvivu apite tu, sijamshika mtu shati.

Kuna baa hatua chache kutoka ninapolala. Siitaji jina, sitafuti kesi, na nina hakika kila mmoja wenu anayo ya kwake ya aina hiyo. Si mahali pa kifahari na hakuna aliyeomba pawe pa kifahari. Unakwenda na kandambili, unakaa kiti chako kilekile ambacho mguu mmoja umewekewa kipande cha boksi, mhudumu anakuletea bila kuuliza. Mimi nakunywa bia ya moto, yaani ambayo haijaliona friji kabisa, kwa sababu nina jino la nyuma ambalo likiguswa na baridi naona nyota mchana. Miaka sita nakunywa pale. Miaka sita!

Sasa Jumamosi tulikuwa watatu: mimi, jamaa yangu fundi umeme, na shemeji aliyekuja kututembelea. Shemeji hanywi bia, ni mtu wa pombe kali. Tulikaa kama saa nne hivi, hakuna fujo, hakuna aliyepanda juu ya meza. Mwisho nikaita bili. Ikaja kwenye karatasi iliyochanwa kutoka kwenye pakiti ya sigara, imeandikwa bia 12.

Tulikuwa tumekunywa 9.

Mtaniuliza mtu aliyelewa ana uhakika gani. Swali zuri, hata meneja aliliuliza, tena kwa sauti, meza za jirani zikageuka kututazama. Jibu ni kwamba fundi ana ugonjwa wa kuchezea vizibo. Kila chupa ikifunguliwa anachukua kizibo, anakipanga mbele yake kama askari wa gwaride, akichoka anavitia vyote mfukoni. Akavimwaga pale mezani. Vinne vya bia yangu, vitano vya bia yake. Meneja akavitazama, akasema vingine si mmetupa. Sawa.

Na kwa nini tunahesabu vizibo badala ya chupa? Kwa sababu chupa hazikuwepo! Hapa ndipo nataka mtulie mnisome. Glasi chafu pale inaweza kukaa mezani mpaka iote uyoga, sahani yenye mifupa hivyo hivyo, lakini chupa tupu inanyakuliwa kabla hata povu la mwisho halijashuka chini. Miezi kadhaa nimekuwa nikiliona hilo na nikadhani ni usafi. Nikawa nawasifia, mjinga mimi.

Nikamwambia yule dada basi tupitie tulichoagiza, kimoja kimoja. Hana maandishi. Kila kitu kipo kichwani, na kichwa hicho usiku ule kilikuwa kinahudumia meza kumi na moja, nilizihesabu. Akaja na utetezi mwingine, kwamba kuna wakati mlisema mbili mimi nikasikia tatu kwa sababu ya muziki. Nikamuuliza hiyo ya tatu uliyoileta ilikwenda wapi. Kimya.

Ingawa kwenye muziki nampa haki yake. Spika wameitundika juu ya ile meza, ukiweka glasi tupu unaiona inatembea yenyewe. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa viwango vya sauti kwa kumbi na sehemu za burudani, wakasema wastani usizidi desibeli 100 kwa kipimo cha dakika 15. Na hiyo 100 imewekwa kwa ajili ya watu waliofuata muziki wenyewe, disko na matamasha. Mimi nimekwenda kula kuku na kusikiliza matatizo ya shemeji. Sikuwa na kipimo mfukoni, ninachojua ni kwamba nilikuwa napiga kelele kwa mtu tuliyegusana magoti. Kwa hiyo wanafungulia muziki mpaka mhudumu hasikii oda, halafu kutosikia kwake nalipia mimi. Biashara nzuri hiyo.

Lakini kilichonichoma si bia tatu. Ni maneno ya yule dada. Nilipokataa kulipa alinitazama usoni kwa huruma kabisa akasema, "Kaka, na wewe tena? Wewe si mwenzetu jamani?"

Mwenzetu. Hebu niwaelezeni mwenzetu anavyotunzwa.

Shemeji aliagiza toti mbili. Kaunta pale hakuna kipimo, jamaa anamimina kwa jicho, na jicho lenyewe linatazama mpira kwenye televisheni. Glasi imejaa barafu mpaka mdomoni, kinywaji kimepita katikati kama mvua ya rasharasha. Uingereza sheria inamtaka mwenye baa anayeuza wiski au vodka achague kipimo kimoja, mililita 25 au 35, na abandike tangazo mteja aone. Ujerumani glasi ya bia lazima iwe na mstari wa ujazo, povu likae juu ya mstari na bia ifike kwenye mstari, mjadala umekwisha. Hawakuandika sheria hizo kwa sababu wanaabudu pombe. Waliandika kwa sababu mkono wa mtu wa kaunta haujawahi kukosea kwa faida ya mteja, popote duniani. Shemeji akaomba barafu ikae pembeni kwenye bakuli. Akaambiwa hakuna bakuli.

Glasi nazo. Wakuu, ukimiminiwa bia ukaona vipovu vimeng'ang'ania ukutani mwa glasi, kwa ndani, havipandi juu, hiyo glasi ni chafu. Vinashika palipo na mafuta au mabaki ya sabuni, na mafuta hayo hayo ndiyo yanaua povu juu. Glasi safi ikimiminwa haishiki kitu pembeni, na ukinywa inabaki na pete za povu, pete juu ya pete, unaweza kuhesabu umemeza mara ngapi. Yangu ilikuwa na vipovu kama mtu mwenye chunusi, na kwenye ukingo alama ya mdomo uliopakwa rangi nyekundu. Mimi sipaki rangi. Nikaenda kuangalia wanapooshea nikakuta beseni moja, maji ya kijivu, glasi inaingia inatoka inarudi kaunta. Tangu jioni mpaka usiku maji ni yale yale. Toka siku hiyo nimeelewa wazee wanaokunywa kwa chupa.

Halafu wamepanga chupa dirishani upande jua linapochwea, eti pambo. Siyo chupa tupu, hizo hizo ndizo zinazouzwa. Mwanga unakorofishana na uchungu unaotokana na hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia wakati wa kuipika, inatoka harufu kama kicheche amepita. Chupa ya kahawia inajitahidi kukinga, ya kijani inapitisha mwanga vibaya, nyeupe ndiyo kabisa. Fundi anakunywa ya kijani. Mara mbili amelalamika inanuka, mara mbili ameambiwa ndivyo ilivyo ladha yake.

Choo sisemi. Mlango haufungi, unakaa umeushika kwa mguu. Inatosha.

Nije kwenye kuku. Tuliagiza kuku na chipsi tulipofika tu. Ilichukua saa moja na dakika arobaini, na kila tukiuliza tunaambiwa "yuko jikoni anageuzwa". Alipofika nje amekuwa mweusi mweusi, unaona kabisa moto umempitia. Nikashika paja nikalivunja kwenye kiungo. Hakuna mvuke. Karibu na mfupa pa baridi, na pale ngozi inapokutana na nyama mafuta yameganda meupe kama nta ya mshumaa. Huyo si kuku wa leo wala hakugeuzwa saa nzima. Ni kuku aliyelala kwenye sinia, akatumbukizwa kwenye mafuta dakika mbili abadilike rangi. Tena nilimwona! Tulipoingia sinia lilikuwa juu ya kaunta, limefunikwa na gazeti. Sikudhani ndiye atakuja kwangu.

Jamani chakula si utani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unajulikana: chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, kikisubiri mteja kisubiri kikiwa juu ya nyuzi 60, na kikipikwa au kupashwa, moto ufike nyuzi 70 hadi katikati. Katikati, si kwenye ngozi. Kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu vinazaliana kwa raha zao, na kuku ndiye nyumba ya salmonela. Saa ngapi lile sinia lilikuwa pale? Nikamrudisha. Akarudi kuku yule yule, namjua kwa paja nililolivunja, safari hii ameungua zaidi. Chipsi zilikuwa zinanuka samaki. Hawauzi samaki siku ya Jumamosi, kwa hiyo pigeni wenyewe hesabu hayo mafuta ni ya lini.

Fundi alimla. Jumapili hakutoka nyumbani, na sitaki kuwaeleza alikaa wapi.

Sasa turudi kwenye bili, maana mwisho wake ndio ulionifanya nishike simu kuandika. Baada ya kelele zote, meneja akachukua ile karatasi, akakata 12 akaandika 9, akanigonga begani: "Basi bosi wangu yaishe, nimewapunguzia tatu." Amenipunguzia! Bia ambazo sikunywa, hela ambayo ni yangu, ananirudishia kama zawadi, na anasubiri nishukuru. Na mbaya zaidi, wakuu, nilisema asante. Ilinitoka tu. Nimefika nyumbani ndipo nimejisikia.

Najua kuna watakaosema yule dada ni mwizi. Mimi pia nilisema hivyo Jumamosi. Lakini nikakumbuka jambo alilonisimulia mwenyewe siku nyingi nyuma, siku ambayo hapakuwa na wateja. Glasi ikivunjika anakatwa. Meza ikiondoka bila kulipa anakatwa. Kaunta wakikosea hesabu ya kreti, wanagawana hasara wahudumu, na tajiri hajui hata hasara inafananaje. Kwa hiyo mtu akikimbia na bia zake tatu saa mbili usiku, hizo bia lazima zipate pa kulala kabla ya kufunga. Zitalala wapi? Meza ya wageni ni hatari, watapiga kelele, wataita polisi, hawatarudi tena. Meza ya walevi wakorofi ni chupa ya kichwa. Zinabebwa zinapelekwa kwa mtu mpole, anayelipa bila kusoma, anayeacha chenji, anayeulizia watoto wa mhudumu wanaendeleaje shule. Kwa mwenzetu! Mwizi aliyekimbia hajulikani sura, mimi najulikana mpaka jino langu bovu, ndiyo maana nalipa mimi.

Kwa hiyo hasira zangu zimehama, zimepanda ghorofani kwa mwenye baa. Yule mzee anapita kila mwisho wa wiki, anatusalimia meza kwa meza, "karibuni sana, hapa ni nyumbani". Mzee wangu, kwa heshima zote, nyumbani gani watu hawaandiki kinachotoka jikoni? Nunua daftari. Kila oda iandikwe pale pale, mteja aione, chupa ibaki mezani mpaka bili ilipwe, mhudumu asikatwe kwa mtu aliyeruka ukuta. Nunua na kipimo cha toti, ni kikombe kidogo cha bati, hakigharimu kitu. Badilisheni maji ya beseni. Sijaomba mnitandikie kitambaa cha meza.

Na nyie wakuu mnaonisoma, nani hapa amewahi kuhesabu chupa zake kweli kweli, miezi mitatu mfululizo? Nauliza kwa sababu nimeanza kurudi nyuma kwenye kumbukumbu, bili za mwaka jana, za siku ya kipaimara cha mtoto wa fundi pale tulipofunga meza tano, na kichwa kinaniuma. Kama kuna aliyewahi kumbana mwenye baa na kukatokea mabadiliko aje atueleze alianzia wapi. Wa "si uache tu pombe" mnaweza kufungua uzi wenu.

Jana nilipita pale natoka kazini, sikuwa na nia ya kuingia. Yule dada akaniona, akatoka mpaka barabarani, anacheka kama vile hakuna kilichotokea. "Kaka, umetususa? Njoo bwana, ya kwako nimekuwekea kwenye friji tangu asubuhi, ya baridi kabisa."